Chuo cha jamii kipi ni nafuu? Piga hesabu ya kumaliza, si ya kuandikishwa

Swali: Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, kwetu ni Malindi. Mimi na mume wangu tuliingia Marekani Oktoba mwaka jana kwa bahati nasibu ya viza, na sasa twaishi Grand Prairie, Texas. Nafanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, kwenye nyumba ya wazee, mume wangu yuko bohari. Nataka kusomea uuguzi, nianze Agosti. Nimeangalia Dallas College na Tarrant County College, na kuna shule moja ya binafsi imenipigia simu mara nne ikisema naweza kuanza mwezi ujao. Kila mahali wana bei yao, nami sijui nalinganisha nini na nini. Kipi ni rahisi? Na mdogo wangu aliyemaliza KCSE anaweza kuja kusoma kwenye vyuo vya namna hii?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimekaa zaidi ya miaka ishirini kwenye dawati la misaada ya wanafunzi katika vyuo vya jamii, vile ambavyo wenyeji huviita komyuniti koleji, na swali lako nimeliona likija kwa sura nyingi. Nitakupa jibu kwanza, kisha nikuonyeshe hesabu ili usinitegemee mimi. Nenda chuo cha umma cha kaunti ambayo nyumba yako imo. Anza kwa nguvu zote Januari, si Agosti. Na ile shule inayokupigia simu, usiiwekee sahihi karatasi yoyote mpaka umeiuliza maswali nitakayokuandikia hapa chini.

Tuanze na bei yenyewe. Karo ya vyuo hivi huhesabiwa kwa krediti. Somo la kawaida ni krediti 3, la sayansi lenye maabara ni 4, na digrii ya miaka miwili ni karibu krediti 60. Mwaka wa masomo wa 2024-25, wastani wa karo na ada kwa mwanafunzi wa kutwa katika vyuo vya jamii vya umma, akiwa mkaazi wa eneo la chuo, ulikuwa dola 4,050 kwa mwaka. Chuo kikuu cha umma kwa mkaazi wa jimbo kilikuwa dola 11,610. Unafuu huo una chanzo: tangu chuo cha kwanza cha aina hii kilipofunguliwa Joliet, Illinois, mwaka 1901, vyuo hivi vimekuwa vya wenyeji. Hapa Texas wenye nyumba na mashamba wa wilaya ya chuo hulipa kodi ya mali inayokiendesha, na kwa sababu hiyo anayeishi ndani ya mpaka hupewa bei ya mwenyeji, na aliye nje hulipa zaidi.

Mpaka huo unakuhusu wewe kuliko watu wengi, kwa sababu mji wa Grand Prairie umekatwa na mstari wa kaunti. Upande mmoja ni Kaunti ya Dallas, upande mwingine ni Tarrant, na kipande kidogo kiko Ellis. Majirani wawili wenye anwani ya mji mmoja wanaweza kulipa karo tofauti kwa somo moja. Chukua Dallas College mwaka 2023: mkaazi wa Kaunti ya Dallas alilipa dola 79 kwa krediti, mkaazi wa kaunti nyingine ya Texas dola 135, na mtu wa nje ya jimbo au nchi dola 200. Ukizidisha kwa krediti 60 unapata 4,740, au 8,100, au 12,000. Darasa ni lile lile na mwalimu ni yule yule. Bei hupanda, kwa hivyo soma ya muhula wako kwenye tovuti ya chuo, lakini ngazi hizo tatu utazikuta karibu kila wilaya ya Texas. Kwa hivyo leo jioni, kabla hujafanya lolote, tafuta anwani yenu kwenye tovuti ya ofisi ya kuthamini mali ya kaunti. Nyumba iliyomo kwenye orodha ya Dallas inakupeleka Dallas College. Iliyomo kwenye orodha ya Tarrant inakupeleka Tarrant County College. Tena mkifikia kuhama au kununua nyumba, uliza kabla: sheria ya Texas inaruhusu chuo kumpa bei ya mwenyeji hata asiyeishi wilayani ikiwa anamiliki mali inayotozwa kodi na wilaya ile.

Sasa hilo la Agosti. Ili uitwe mkaazi wa Texas kwa ajili ya karo, ni lazima uwe umeishi jimboni miezi 12 mfululizo kabla ya siku chuo kinapofunga hesabu ya wanafunzi wa muhula, ambayo kwa muhula wa kawaida ni siku ya 12 ya masomo. Mliingia Oktoba. Agosti mtakuwa na miezi kumi. Kadi yako ya ukaazi wa kudumu haiondoi miezi miwili iliyobaki. Inakupa tu haki ya kuhesabiwa kama raia mkishaitimiza. Ukiandikisha krediti 12 Agosti kwa bei ile ya mfano, utalipa 200 mara 12, yaani dola 2,400. Januari, ukiwa na mwaka mzima na zaidi, krediti zile zile 12 ni dola 948. Miezi kama mitano ya subira inakuokolea dola 1,452.

Lakini miezi hiyo isipite bure. Kusanya ushahidi kuanzia sasa: mkataba wa nyumba wenye jina lako, hati za mshahara za kila mwezi, barua ya mwajiri, bili za umeme. Kuishi tu hakutoshi. Wanataka kuona umeifanya Texas kuwa kwako, na ajira ya miezi 12 ni mojawapo ya njia za kuthibitisha. Peleka cheti chako cha KCSE kithaminiwe na shirika linalokubaliwa na chuo. Uliza chuo kwanza ni shirika lipi, kwa maana nimeona watu wakilipa mara mbili. Na jitayarishe kwa mtihani wa TSI, ambao Texas humpima nao mwanafunzi mpya katika hesabu na Kiingereza. Watu wetu huudharau. Mtu anakwenda akitoka zamu ya usiku, anafeli hesabu alizozifanya kidato cha pili, kisha anawekwa kwenye masomo ya kurudia yanayolipiwa karo na hayahesabiki kwenye digrii. Wiki sita za kufanya mazoezi ya bure mtandaoni zinaweza kukuokolea muhula mzima. Kama Kiingereza cha kuandika bado kinakusumbua, vyuo hivi pamoja na maktaba za miji huwa na madarasa ya watu wazima ya bure au ya bei ndogo sana. Agosti jiunge na hayo.

Twende kwenye msaada wa serikali. Serikali ya Marekani ina basari iitwayo Pell, na mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaistahili. Hii si mkopo kama wa HELB kule Kenya, mwanangu. Hairudishwi. Kiwango cha juu kwa mwaka wa masomo wa 2025-26 kilikuwa dola 7,395, nusu yake kwa kila muhula. Unaiomba kwa kujaza fomu ya FAFSA kwenye tovuti ya serikali, studentaid.gov, na kuijaza ni bure. Anayekutoza pesa kwa kuijaza anakula jasho lako. Kwa kuwa umeolewa, na una zaidi ya miaka 24, wazazi wako hawaulizwi chochote. Wanaangalia wewe na mume wako, na wanaangalia mapato ya miaka miwili nyuma, ambapo kwenu ni wakati mlipokuwa bado Malindi. Mapato ya nyumbani huandikwa yakibadilishwa kuwa dola. Usiyafiche na usiyaongeze.

Wanandoa wenye watoto hupata Pell kamili ikiwa mapato hayazidi asilimia 175 ya mstari wa umaskini. Mwaka 2025 mstari huo kwa familia ya watu wanne ulikuwa dola 32,150, kwa hivyo kikomo ni kama dola 56,000. Familia nyingi zinazoanza maisha huku ziko chini ya hapo, na zilizo juu kidogo bado hupata sehemu. Jambo moja huwaumiza watu wetu bila kutarajia: aliye na digrii ya kwanza kutoka chuo kikuu chochote duniani hapati Pell. Diploma na cheti havikuzuii.

Utaniuliza: kama Pell ni zaidi ya dola 3,600 kwa muhula, si italipa hata zile 2,400 za Agosti? Italipa. Lakini inayobaki baada ya karo unapewa wewe mkononi, na pesa hiyo ndiyo petroli, ndiyo mlezi wa watoto. Ukianza Agosti utabakiwa na karibu dola 1,300. Ukianza Januari utabakiwa na karibu 2,750. Tena Pell ina ukomo wa mihula 12 ya kutwa kwa maisha yako yote, na safari ya uuguzi ni ndefu kuliko inavyoandikwa kwenye vipeperushi. Na ukishakuwa mkaazi unafunguliwa mlango mwingine: Texas ina basari yake ya vyuo vya miaka miwili iitwayo TEOG, ya wakaazi wenye uhitaji, na ofisi ya misaada huigawa kwa waliowahi kuomba mapema. Haiwezi kukupa kama kwenye karatasi bado wewe ni mgeni.

Pell hupimwa pia kwa wingi wa masomo. Krediti 12 ni asilimia mia, 9 ni asilimia 75, 6 ni nusu. Usichukue 12 kwa ajili ya pesa kama mwili wako una nguvu za 6. Nasema hivi kwa sababu ya mama mmoja aliyekuja ofisini kwangu akiwa na barua imekunjwa mara nne hata herufi zimefutika kwenye mikunjo. Alikuwa ameandikisha masomo manne, mtoto akalazwa wiki ya tano, akaacha kwenda darasani bila kumwambia mtu. Alidhani kuacha ni kuacha. Sheria inasema ukiondoka kabla ya kutimiza asilimia 60 ya muhula, sehemu ya basari hurudishwa serikalini, na chuo hukudai wewe pengo la karo. Barua ilidai dola mia kadhaa, na mpaka azilipe alikuwa amefungiwa kujiandikisha. Tulimpangia malipo ya kidogo kidogo, akarudi baada ya mwaka na nusu. Muhula wa wiki 16 unafika asilimia 60 katika wiki ya kumi. Ukipatwa na jambo, nenda ofisini kabla hujatoweka. Mara nyingi kuna njia ya kuokoa hata somo moja. Na kumbuka kwamba Texas inakuruhusu kuacha masomo sita tu katika vyuo vyote vya umma utakavyosoma.

Chukua sasa daftari, fungua kurasa mbili zinazotazamana, kila chuo na ukurasa wake. Vyuo hutangaza gharama nzima ya mwaka: karo, vitabu, usafiri, chakula, nyumba, matumizi madogo. Wengi huona chuo kimoja kimeandika dola 18,000 na kingine 23,000, wakadhani tofauti ni ya masomo. Mara nyingi tofauti ni makisio ya kodi ya nyumba tu. Nyumba yako mnailipia ile ile, usome Dallas, usome Tarrant, usisome kabisa. Ifute pande zote mbili. Futa na chakula. Andika yale tu yanayobadilika ukibadilisha chuo, na utashangaa kilichobaki.

Cha kwanza kitakachobaki ni barabara. Grand Prairie haimo kwenye mtandao wa mabasi na treni za DART, shirika la usafiri la Dallas, na Arlington jirani yenu haina mabasi ya kawaida. Utaendesha gari. Tuseme safari ya kwenda na kurudi ni maili 25, siku nne kwa wiki, wiki 16. Hizo ni maili 1,600. Mwaka 2025 mamlaka ya kodi ya Marekani ilikadiria gari hugharimu senti 70 kwa maili, ukichanganya petroli, matairi na kuchakaa. Unapata dola 1,120 kwa muhula, zaidi ya zile dola 948 za karo ya mwenyeji. Kampasi iliyo maili tano kutoka kwako inaweza kushinda iliyo na karo ndogo iliyo mbali. Lakini uliza vizuri, kwa sababu masomo ya awali utayapata kampasi ya karibu, ila masomo ya uuguzi wenyewe hufundishwa kampasi chache, na mafunzo ya vitendo yanakupeleka hospitali watakayopanga wao, pengine saa kumi na mbili asubuhi.

Vitabu ni cha pili. Dallas College imekuwa ikiweka vitabu na vifaa vya masomo ndani ya karo, jambo ambalo wengi hawalioni wanapoweka dola 79 kando ya namba ya chuo kingine. Vyuo vingine huorodhesha masomo yanayotumia vitabu vya bure vya mtandaoni. Tafuta alama hiyo kwenye ratiba kabla hujachagua darasa. Kitabu kimoja cha anatomia kinaweza kupita dola 200. Uuguzi nao una madogo yake: sare, viatu, chanjo, uchunguzi wa rekodi ya polisi, mtihani wa kuingilia wa HESI au TEAS, na mwishoni dola 200 za mtihani wa taifa wa NCLEX, mbali na ada ya leseni ya jimbo. Kila kimoja ni kidogo, na vyote huja mwezi mmoja.

Sasa nifike kwenye gharama ambayo hakuna chuo kinachoichapisha, nayo ndiyo kubwa kuliko zote: saa za kazi utakazoziacha. Tuseme unalipwa dola 17 kwa saa na unashuka kutoka saa 40 hadi 24 kwa wiki. Saa 16 mara 17 ni dola 272 kwa wiki. Kwa wiki 16 ni dola 4,352. Muhula mmoja wa mshahara uliopungua unameza karo ya karibu digrii nzima kwa bei ya mwenyeji. Ndiyo maana nakuambia piga hesabu ya kumaliza. Chuo chenye karo nafuu ambacho kitakuweka mwaka mzima ukingoja nafasi ya uuguzi kinaweza kuwa ghali kuliko jirani yake.

Na kungoja kupo. Kuandikishwa chuoni si kuandikishwa uuguzi. Utasoma kwanza anatomia, fiziolojia, Kiingereza, saikolojia, kisha utaomba nafasi, na wanachagua kwa alama za masomo hayo na za mtihani wa kuingilia. Uliza vyuo vyote viwili kwa maneno haya haya: mwaka uliopita waliomba wangapi, mlichukua wangapi, wa mwisho kuchukuliwa alikuwa na alama gani, na kati ya walioanza wamemaliza wangapi kwa wakati? Uliza pia masomo ya sayansi yanadumu miaka mingapi kabla hayajakataliwa, kwa sababu baadhi ya programu hazipokei sayansi ya zaidi ya miaka mitano. Uliza kama kuna darasa la jioni au la wikendi. Majibu ya maswali haya yana uzito kuliko dola tano za tofauti kwenye krediti. Na alama zako za anatomia zina uzito kuliko yote. Chukua somo hilo peke yake au na jingine jepesi, upate A, kuliko kulichanganya na matatu ukapata C na kulirudia. Vyuo vya Texas vinaruhusiwa kutoza zaidi anayechukua somo lile lile kwa mara ya tatu.

Nije kwa hiyo shule ya simu. Sisemi kila shule ya binafsi ni mbaya. Nimewaona wauguzi wazuri waliotoka huko. Lakini chuo cha umma hakimpigii mtu simu mara nne. Kazi ya anayekupigia ni kuwaingiza watu, na maneno "mwezi ujao" ndiyo bidhaa anayouza, kwa sababu anajua umechoka kungoja. Shule hizo mara nyingi huomba makumi ya maelfu ya dola, na Pell ikiisha zinakuhamishia kwenye mikopo. Muulize mambo manne, ayajibu kwa maandishi. Gharama yote mpaka mwisho ni kiasi gani, pamoja na ada na vitabu? Nikimaliza kwenu nitafanya mtihani upi, wa LVN (muuguzi wa ngazi ya chini) au wa RN (muuguzi kamili aliyesajiliwa)? Wahitimu wenu wangapi hufaulu NCLEX mara ya kwanza? Na je, krediti zenu zinapokelewa na chuo kikuu cha umma?

La tatu usimtegemee yeye. Bodi ya Uuguzi ya Texas huchapisha asilimia ya kufaulu ya kila programu, mwaka kwa mwaka, na inataka wanaofanya mtihani mara ya kwanza wafaulu angalau asilimia 80. Soma miaka mitatu ya kila shule uliyonayo kwenye daftari. La nne ni la kesho yako. Hospitali nyingi kubwa zinataka muuguzi aendelee hadi shahada, na University of Texas at Arlington, jirani zako kabisa, ina programu ya mtandaoni ya RN kumalizia shahada. Krediti zisizopokelewa ni pesa iliyotupwa: uchunguzi wa ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani mwaka 2017 ulikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao, na waliotoka shule za binafsi za kibiashara kwenda vyuo vya umma ndio walioumia zaidi. Kabla hujachukua somo lolote, pata karatasi ya makubaliano ya uhamisho kati ya chuo chako na chuo kikuu, na uchague masomo yaliyomo humo.

Kila chuo kinachopokea pesa za serikali kinalazimika kisheria kuwa na kikokotoo cha bei halisi kwenye tovuti yake, yaani bei baada ya kutoa misaada usiyorudisha. Serikali nayo ina College Navigator na College Scorecard. Zitumie, lakini ujue namba zao: bei halisi inayochapishwa ni wastani wa wanafunzi wapya wa kutwa waliopata msaada, wengi wao vijana waliotoka sekondari na wanaishi kwa wazazi. Mama wa watoto wawili anayefanya kazi hayumo kwenye wastani ule. Kikokotoo kitakupa makisio, daftari lako litakupa ukweli.

Wakati wa kodi, hifadhi fomu ya 1098-T utakayoletewa na chuo. Kuna punguzo la kodi la elimu linalofika dola 2,500 kwa mwaka, na hadi 1,000 ya hiyo unaweza kurudishiwa hata kama hudaiwi kodi. Halihesabiki kwa karo iliyolipwa na Pell, na kupanga kipi kililipwa na kipi kuna ufundi wake, kwa hivyo nenda kwa wajitolea wa mpango uitwao kwa kifupi VITA, ambao hutayarisha fomu za kodi bure kwa wenye kipato cha chini.

Najua mna ndugu majimbo mengine, na mtasikia mengi harusini na kanisani. Ni kweli kwamba California hutoza wakaazi dola 46 tu kwa krediti, na wenye kipato kidogo husamehewa hata hizo. Ni kweli Massachusetts, walikojaa Wakenya wa Lowell, imefanya vyuo vya jamii kuwa bure kwa wakaazi tangu 2024, na Minnesota tangu mwaka huo huo hulipia karo iliyobaki kwa familia yenye mapato ya chini ya dola 80,000 katika vyuo vyake vya umma. Aliyeko huko afaidi. Lakini msihame kwa ajili hiyo. Mtaanza upya kuhesabu ukaazi, na kodi ya nyumba ya Boston au Los Angeles itameza karo yote mliyookoa. Kwa mwenye Pell kamili, karo ya mwenyeji hapo Texas tayari imelipwa.

Mdogo wako ni hesabu nyingine kabisa. Akija kwa viza ya mwanafunzi ya F-1 hana Pell wala TEOG, analipa ngazi ya juu ya karo, lazima asome krediti 12 kila muhula, na kazi anayoruhusiwa mwaka wa kwanza ni ya ndani ya kampasi, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kwa bei ile ya mfano, krediti 24 kwa mwaka ni dola 4,800, kisha bima ya afya na vitabu. Kabla ya viza atalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na 185 za ombi la viza, na chuo hakitampa fomu ya I-20, anayoihitaji kuombea viza, mpaka kione pesa za mwaka mzima benki. Kukaa kwenu kutampunguzia sana, na chuo hukubali barua yako ya kumpa malazi kama sehemu ya ushahidi. Lakini usiahidi kumsomesha kwa mshahara wa CNA katika miaka ile ile unayopunguza saa zako. Nimeona familia ikijaribu kubeba wawili kwa pamoja, na aliyelazimika kuacha masomo alikuwa yule mama. Asome nyumbani kwanza, kupitia KUCCPS inayowapangia wanafunzi vyuo Kenya. Ukishakuwa RN, mtazungumza tena ukiwa na mshahara mwingine.

Fomu ya FAFSA ya mwaka wa masomo unaoanza Agosti ndiyo hiyo hiyo itakayokuhudumia Januari, kwa hivyo usingoje Desemba. Ijaze wiki hii, wewe na mume wako mkiwa mmekaa pamoja, kwa sababu yeye pia atahitaji kufungua akaunti yake na kuweka sahihi. Andika vyuo vyote viwili vya umma. Wote watakutumia makadirio, na hapo utakuwa na namba za kuandika kwenye zile kurasa mbili.